Sufuria ya Pembeni: Maisha ya Bibi Yetu Tupokigwe Mwakibinga (1958–2025)

Kabla ya kusoma tunaomba jambo moja, na tunaliomba sasa kwa sababu baada ya makaburini watu watakuwa wameshashika sahani. Mtakaokula, mifupa ya kuku iwekwe kwenye beseni la bluu lililoko mlangoni pa jiko. Msiwatupie mbwa, hata wakiwaangalia kwa huruma. Wameshakula. Sababu itajulikana huko mbele.

Marehemu Tupokigwe Mwakibinga alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Kiwira, wilaya ya Rungwe, mtoto wa kwanza wa Mzee Anyelwisye Mwakibinga. Mdogo wake, Bibi Ikupa, ambaye amekuja kutoka Ubaruku na yuko nasi hapa, anasema dada yake alikuwa mbishi tangu hajaota meno. Ukimwambia twende huku, anakaa chini kwanza. Tunaomba mtuelewe, hatumsemi vibaya marehemu. Ndivyo alivyokuwa, na mliokaa naye mnajua.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1967 na kumaliza la saba mwaka 1973. Hakuchaguliwa kuendelea. Somo alilolipenda ni lile la mapishi, ambapo mwalimu alichora ubaoni vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kulinda mwili. Marehemu alivishika vile vyakula na alitusomea mpaka mwaka huu. Tofauti ni kwamba mwalimu alikuwa anaongelea watoto.

Mwaka 1979 alikwenda Nyololo, wilaya ya Mufindi, akafungua kibanda cha chakula kando ya barabara kuu. Aliwapikia madereva wa malori na vijana wa mbao. Jirani na kibanda kulikuwa na yadi ya mbao, na mlinzi wake alikuwa kijana wa Kihehe, Kasian Kihwele. Mbwa wa yadi ile walikuwa wanapewa ugali wa sembe na mchuzi uliobaki, wenye chumvi na vitunguu. Manyoya yaliwatoka, mbavu zikahesabika, na wezi walikuwa wanawaruka kama wanavuka mfereji. Marehemu alimwambia Kasian kwamba mbwa zake wanalinda usingizi. Kasian akamjibu kama anajua sana, apike yeye.

Hapo ndipo tulipoponzwa sote.

Alipika ugali wa dona laini, akachanganya maini, mapafu, dagaa waliooshwa mpaka chumvi ikatoka, karoti na boga. Hakutia chumvi wala kitunguu, na aliacha chakula kipoe mpaka kidole kivumilie. Baada ya miezi michache mbwa waling'aa, na yadi ikaacha kuibiwa. Shida ikawa kwa wateja. Dereva mmoja, Isakwisa, aliagiza maini akaambiwa yameisha, halafu akayaona yanapita kwenye sufuria kuelekea yadini. Akasema, "Mama Tupo, niulizie na mimi kama kuna nafasi ya umbwa." Marehemu hakucheka. Alimwambia nafasi zimejaa, akampa maharage.

Tarehe 16 Oktoba 1982 alifunga ndoa na Kasian katika Kanisa Katoliki hapo Nyololo, na Mungu akawajalia watoto wawili, Brayson na Faustina, ambao sisi wajukuu tunawaita Baba Brayson na Mama Faustina. Mnajua watani walivyo, na Wahehe hutaniwa kwamba wanakula mbwa. Ndugu wa Rungwe waliposikia binti yao ameolewa Uheheni na kazi yake ni kunenepesha mbwa, hawakulala. Kila sikukuu waliuliza wakwe wanachinja lini. Mzee Kasian alikuwa mpole, aliwajibu mara moja tu: "Wangekuwa wa kula, mke wangu angetia chumvi." Utani huo umesikika tena tangu juzi hapa msibani. Tumeuelewa. Unatosha.

Mzee Kasian alifariki tarehe 3 Agosti 2014, akazikwa kwao Nyololo. Wengi mlifika. Alikuwa na mbwa mmoja aliyestaafu naye, anaitwa Meja, mzee kama yeye. Siku ya mazishi bibi alikuwa ndani amekalishwa kwenye mkeka kama mjane, hana ruhusa ya kutoka, na waombolezaji kwa roho safi wakamtupia Meja mifupa ya kuku. Mfupa wa kuku ukishapikwa unapasuka kama kijiti kikavu. Ulimchoma tumboni. Meja alijikokota mpaka kwenye kaburi la bwana wake, na huko ndiko alikofia, kabla hata matanga hayajaanuliwa. Marehemu hakumlaumu mtu. Alichukua jembe mwenyewe akachimba. Mama Faustina anakumbuka alichosema aliporudi: "Msiba mmoja nimezika mara mbili."

Mwaka 2015 alihamia hapa Uyole kwa Mama Faustina, na hakuja peke yake. Alikuja na mbwa, na hao wakazaa, na hawa watatu mnaowaona, Karani, Subira na Posho, ni uzao wa nyumba hii. Sasa ndugu zangu, hapa hatutaficha. Tulichoka. Maini yakinunuliwa, sisi tunakula mchicha. Karoti nzuri za sokoni ni za kwao, zilizooza upande ni za kwetu. Jirani alipotuletea parachichi la kuwapa, alirudishiwa, na somo refu juu kwamba linadhuru mbwa. Alikuwa anazunguka kwenye mabanda ya chipsi kuokota maganda ya mayai, anayaosha, anayakausha juani, anayatwanga kwenye kinu yawe unga wa kuimarisha mifupa ya mbwa. Lakini mama mtu mzima anayekusanya maganda ya mayai ya watu, mtaa unafikiri nini? Baba Brayson alipanda basi kutoka Iringa kuja kumweleza mwenyekiti wa mtaa kwamba mama yake hamrogi mtu. Wakati anaeleza, marehemu alikuwa nje anamuuliza mke wa mwenyekiti maganda ya kwao wanayapeleka wapi.

Bibi Ikupa ndiye aliyempa chenga za mchele kutoka mashineni Ubaruku, na kila alipoleta aligomba. Alisema chenga hizi watu wanapikia watoto uji. Alisema amezaliwa na dada mmoja tu na huyo mmoja amempeleka kwa mbwa. Halafu msimu ukifika, gunia lingine linashushwa Uyole.

Marehemu alijiunga na akina mama wapishi wa misiba wa mtaa huu, na hakuwahi kukosa. Ila mnakumbuka masharti yake. Kabla ya chumvi, kabla ya kitunguu, lazima nyama kidogo na mboga vitengwe kwenye sufuria ya pembeni kwa ajili ya mbwa wa mfiwa. Akina mama walimnunia. Walisema watu wanalia, yeye anawaza mbwa. Alikuwa anawaacha waseme, huku mkono uko kwenye sufuria. Wengi walidhani ni ukaidi tu. Leo mmesikia habari za Meja.

Ugonjwa ulianza mwaka jana mwezi wa Septemba, shinikizo la damu na baadaye moyo. Daktari akamwambia chumvi basi, mafuta kidogo, mboga kwa wingi. Mtu aliyepika bila chumvi miaka yote hiyo aligoma kula bila chumvi. Alisema chakula hakina ladha. Tulibembeleza, tukachoka. Bibi Ikupa akaja, akamsikiliza, akamwambia, "Basi kula kwenye sufuria ya mbwa zako, si ina kila kitu?" Kesho yake marehemu alipakua sahani yake kwanza, kisha za mbwa, na akaendelea hivyo mpaka aliposhindwa kusimama. Daktari alisema amekula vizuri sana. Hatukumwambia kitu.

Alifariki asubuhi ya Jumanne tarehe 10 Juni 2025 katika hospitali moja hapa Mbeya. Siku za mwisho hakuuliza nyumba wala shamba. Alimshika Bibi Ikupa mkono akasema, "Mdogo wangu, mimi mnizike mara moja tu." Bibi Ikupa akamwambia aache maneno yake.

Jana mchana ukoo ulikaa kujadili mbwa. Baba Brayson amepanga Iringa, mwenye nyumba hataki hata paka. Mama Faustina anashinda sokoni. Mzee mmoja alishauri wawekewe dawa, yaishe. Watu walisemezana mpaka mate yakakauka, na kila mtu alikuwa anamkasirikia marehemu kwa kutuachia jambo hili. Bibi Ikupa hakuwepo kikaoni, alikuwa jikoni. Alipoitwa atoe neno, alikuja na mwiko mkononi, akasema, "Chenga ziko kwangu. Mnataka nizibebe mpaka Uyole mpaka lini? Mbwa watakuja kwenye chenga." Akarudi jikoni. Tulipomfuata, sufuria ya pembeni ilikuwa mafigani tayari, na alikuwa anamgombeza binti mmoja aliyesogea nayo karibu akiwa ameshika kitunguu.

Marehemu ameacha watoto wawili, Brayson na Faustina, wajukuu watano, na mdogo wake Ikupa. Katekista alishauri mbwa wasitajwe kwenye ratiba. Tumewatoa kwenye ratiba. Wanaondoka Jumamosi kwenda Ubaruku, mwenye gari ameshakubali.

Bibi, umetuchosha. Pumzika sasa kwa amani ya Mungu. Tunakuzika mara moja.