Kaka Yetu, Aliyekata Kilichong'aa

Ndugu, jamaa na marafiki, na ninyi waheshimiwa madaktari mliokaa mstari wa mbele: wifi aliniletea wasifu wa marehemu ukiwa umeshachapwa. Niliusoma, nikaukunja. Huu ninaousoma ni wangu, mimi dada yake wa tumbo moja.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa kwanza wa karani wa stesheni na fundi cherehani. Alizaliwa akijua kila kitu. Mama alisimulia kwamba akiwa na miaka minane alifungua redio ya jirani iliyokuwa ikikoroma, akaifunga tena, akabaki na skrubu nne mkononi. Jirani alipouliza, akajibiwa, "Hizo zilikuwa za ziada." Redio haikukoroma tena, maana haikutoa sauti tena. Nyumbani walicheka, na nadhani hapo ndipo walipomharibu.

Alisoma shule ya msingi iliyopakana na kiwanda cha sabuni, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1986 akaingia chuo kikuu kusomea udaktari. Alifaulu vizuri, sikatai. Kichwa alikuwa nacho. Masikio ndiyo yalikuwa pambo.

Alibobea katika upasuaji wa ubongo. Mlangoni mwa ofisi yake alibandika kibao cha "Profesa", cheo ambacho chuo hakikuwahi kumpa. Wauguzi walimwita hivyo mbele yake. Akishapita, walimwita Bwana Najua. Mwaka 1994 alimwoa wifi yangu, mwanamke mvumilivu hadi anakera, wakajaliwa watoto watatu.

Sasa nifike pale wifi alipotaka niseme kwamba marehemu "alimponya dada yake kwa rangi inayong'aa". Mwaka 2016 nilianza kugonga miimo ya milango. Nilikuwa naona mbele, pembeni giza. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, nimeolewa mwaka mmoja, na kitanda cha mtoto tulishanunua. Nikakutwa na uvimbe kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, kitu kidogo kama kunde, ambacho ndicho kinachouamrisha mwili karibu kila kitu, pamoja na kutunza maji na kushika mimba. Uvimbe hutolewa kupitia puani, na kazi yote ni kuutofautisha na tezi yenyewe.

Marehemu alikuwa ametoka kwenye semina ya siku mbili kuhusu rangi hiyo. Huchomwa kwenye mshipa, kisha kamera maalumu huonyesha kinachong'aa. Pale kwenye semina walichoma rangi siku moja kabla, na ikichomwa hivyo, uvimbe huishikilia, ukang'aa. Mimi nilichomwa nikiwa mezani. Ikichomwa papo hapo, tezi yenyewe ndiyo hutangulia kung'aa, kwa kuwa ina damu nyingi, na uvimbe hubaki mweusi. Marehemu hakuuliza rangi ilichomwa lini. Daktari kijana aliyekuwa akimsaidia, ambaye ndiye aliyenieleza haya, alimwambia, "Daktari, hiyo inayong'aa ndiyo tezi, siyo uvimbe."

"Wewe ulikuwa kwenye semina?" marehemu alimjibu. "Nyamaza, ujifunze."

Akakata kilichong'aa.

Nje aliwaambia ndugu kwamba kila kitu kimekwenda vizuri, nanyi mkapiga makofi. Mimi wodini nilikunywa maji jagi kwa jagi, kiu haiishi. Akaniambia, "Mdogo wangu, hiyo ni hofu tu. Ulikuwa mwoga tangu utotoni." Daktari kijana ndiye aliyekuja kuutoa uvimbe, katika upasuaji wa pili. Tezi hakukuwa na wa kuirudisha. Tangu hapo naishi kwa vidonge, na kitanda cha mtoto tulikigawa. Marehemu aliendelea kualikwa kuhutubia juu ya rangi. Kila tulipokutana nilitaka aseme neno moja tu, kwamba alikosea. Aliniuliza habari za kazi.

Mwaka jana aligundulika na uvimbe kwenye ini. Yule daktari kijana, ambaye sasa ni bingwa, alimtafutia mpasuaji wa ini anayetumia rangi hiyohiyo, maana na ini huonyeshwa hivyo. Asubuhi ya upasuaji nilikuwa nimeshika kitanda chake cha magurudumu, upande wa miguu. Kabla ya mlango alimshika daktari wa usingizi mkono.

"Rangi mmeichoma lini?"

"Juzi, Profesa."

"Juzi saa ngapi? Nani aliichoma? Ilete karatasi niione."

Aliuliza mara tatu, mpaka akaonyeshwa. Hakunitazama. Hapo nikajua kwamba swali alikuwa nalo, na pengine alikuwa nalo miaka yote. Lilipomtoka kinywani, lilikuwa kwa ajili ya ini lake.

Upasuaji ulikwenda vizuri, lakini ugonjwa ulirudi mapafuni. Alifariki nyumbani kwake tarehe 2 Juni 2024, alfajiri, wifi akiwa amemshika. Kuhusu mimi hakuacha neno.

Ameacha mjane, watoto watatu, mjukuu mmoja, na dada mmoja ambaye hatazaa. Wifi, ulitaka niseme aliniponya, nimeshindwa. Mungu ampe pumziko, kaka yangu.