Mwalimu Baki na Namba 829348951

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi viatu. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1964, akaendelea na sekondari, kisha akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1973.

Alifundisha hisabati katika shule moja kwa miaka thelathini na saba. Wanafunzi walimwita Mwalimu Baki, kwa kuwa hakuna daftari lililopita mkononi mwake bila kuulizwa, "Baki iko wapi?" Aliyebuni jibu alipewa sifuri, hata mimi bintiye, na nyumbani sikuwa na wa kumlalamikia.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani. Cheti chao kilikuwa na namba 829348951. Baba aliitazama akasema, "Mbili haiingii, tano haiingii. Tarakimu zake zinajumlika 49, kwa hiyo na tatu haiingii. Hii huenda ni namba tasa, mke wangu. Haigawanyiki."

"Huenda?" mama akamjibu. "Thibitisha."

Jumatatu yake akaanza. Kila asubuhi kabla ya kazi aliigawanya kwa namba tasa moja mpya, kuanzia 2, akiandika baki. Mama alimchongea penseli. Mwaka 1990 alifika mwisho, akatangaza kuwa namba ya ndoa yao haigawanyiki. Tulikula keki.

Kabla ya hapo walikuwa wamempoteza kaka yangu, mtoto wao wa kwanza, kwa homa ya uti wa mgongo. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi kumi. Alizikwa Jumamosi, 8 Septemba 1984. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata.

Baba alianza kuugua figo mwaka 2019. Nikimuuguza, nilipitia madaftari yake ili nipate la kuzungumza naye. Siku ya elfu moja ilikuwa zamu ya 7919. Ameandika: baki 1. Nikarudia hesabu mara tatu. Inaingia mara 104729, na hakuna kinachobaki. Tarehe ya ukurasa huo ni 8 Septemba 1984.

Nilimwonyesha. "Nilijua," akasema. "Lakini ningemwambiaje mama yako, siku ile, kwamba na hii imegawanyika? Nikaendelea. Alikuwa anangoja. Mwambie wewe nikishaondoka. Mimi nimeshindwa."

Alifariki tarehe 17 Juni 2023, saa nne asubuhi. Iliniuma kwamba alibeba uongo huo peke yake karibu miaka arobaini, yeye aliyetunyima maksi kwa kubuni jibu.

Jana nilimwambia mama. Hakuacha kukunja sanda.

"Nilikuwa nimekaa pembeni yake," alisema. "Niliona sifuri kabla hajaifuta. Nikamchongea penseli ya kesho."

Ameacha mjane, binti mmoja na wajukuu wawili. Tunamlaza kando ya mwanawe. Apumzike kwa amani, baba yetu. Mama alikuwa anajua.