Dada Serikali, Muuguzi wa Wodi ya Wazazi (1958–2023)

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe. Alikuwa na miaka kumi mama alipojifungua kitinda mimba wetu na damu ikakataa kukata. Gari la zahanati ya serikali lilimchukua mama, wakamtibu bila kumuuliza baba ana nini mfukoni. Mtoto yule leo ni mfamasia mwenye duka lake, na kila walipobishana Dada alimkatiza: "Nyamaza, wewe mwenyewe umeletwa na serikali." Ndipo tukamwita Dada Serikali.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1980 alihitimu chuo cha uuguzi. Alifanya kazi katika wodi ya wazazi ya hospitali ya serikali hadi alipostaafu mwaka 2018. Kila kitanda kipya kilipoletwa, alikilalia yeye kwanza, viatu kavua, mbele ya mganga mkuu. Vitanda alivyovikataa vilirudishwa stoo siku hiyo hiyo.

Mwaka 1986 dereva wa gari la wagonjwa alimfikisha mjamzito kwa mwendo wa kasi, Dada akampokea kwa ukali: "Kaka, umebeba mtu au magunia?" Kesho yake alirudi na gari tupu, eti kaja kuomba radhi. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987, wakajaliwa mabinti wawili.

Jumapili mezani kwao palikuwa bunge. Mfamasia alitaka serikali iwaachie watu binafsi tiba, yenyewe ibaki kusimamia. "Dada, bomba la choo cha wodi yako tu limewashinda!" Dada hakumwachia. "Basi tuwabane walitengeneze. Ukiuza hospitali, asiye na kitu akajifungulie dukani kwako?" Walibishana hadi chai ikapoa, kisha wakagawana kipande cha mwisho cha mkate.

Mwanzoni mwa Septemba 2023 figo zake zilianza kufeli. Mashine ya kusafisha damu ya hospitali yake ilikuwa imeharibika, ikisubiri kipuri. Mdogo wake mfamasia alimsihi waende hospitali binafsi, akagoma: "Nikiondoka mimi, nani atawapigia kelele?" Akawa anajikongoja hadi ofisini kwa mganga mkuu, miguu imevimba, kuulizia kipuri. Mwishoni mwa Oktoba, pumzi zikimwishia, alimshika mdogo wake mkono. "Nipeleke unakotaka. Naogopa." Tumelia mengi, lakini neno hilo ndilo lililotuvunja.

Kule alipewa chumba safi na mashine nzima, ila alikuwa amechelewa. Tarehe 3 Novemba, mchana, mfamasia alimwinamia sikioni. "Dada, mimi nasema hospitali zote za serikali zifungwe. Unasikia? Zote." Akasubiri. Akarudia kwa sauti, machozi yakimtoka: "Nibishie basi, Dada!" Alikata roho alasiri hiyo, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu na wadogo zake wanne. Kipuri hakijafika, na wagonjwa bado wanakisubiri. Jumatatu mfamasia wetu anakwenda kwa mganga mkuu kuwapigia kelele. Ametuuliza Dada alikuwa akianza na maneno gani.

Pumzika sasa, Dada. Umesimama vya kutosha.