Mwalimu Kuruvilla na Mstari wa Nyoka

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mwalimu Kuruvilla Chacko wa Ranni, aliyezikwa Jumatano akiwa na miaka themanini na mmoja. Miaka thelathini alifundisha Maandiko chuoni Kottayam. Miaka thelathini, na swali lake lilikuwa lile lile: nani aliandika, lini, na alimwandikia nani?

Darasani hakuogopa mtu. Nyumbani, wapendwa, alikuwa mwoga. Mdogo wake, Ittoop, alisali na kundi dogo lililoshika kila neno kama lilivyoandikwa, na dawa za hospitali hawakuzigusa. Kwa miaka kumi na tatu, kwenye sala ya jioni nyumbani kwake, Ittoop alipenda kuusoma ule mstari wa waumini kushika nyoka wasidhurike. Mwalimu alijua kwamba nakala kongwe kabisa za Injili hazina mstari huo. Alijua, akanyamaza, akala mihogo yake kwa samaki. Alichelea kuvunja undugu. Lakini usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Asubuhi moja ya Oktoba, Sosamma, binti wa Ittoop mwenye miaka kumi na tisa, alikuwa akigema utomvu wa miti ya mpira nyuma ya nyumba yao. Nyoka aina ya kifutu akamuuma kifundoni. Jirani alipomfikia Mwalimu na habari hiyo, saa nzima ilishapita. Mwalimu alitoka mbio na ndara mguu mmoja.

Akamkuta binti kalazwa mkekani, wazee wa sala wamemzunguka wakiimba. Mguu umevimba hadi gotini. Fizi zinatoka damu. Gari la jirani linanguruma uani, na hakuna anayethubutu kumwinua mtoto.

Sosamma anakumbuka: "Baba mkubwa alikuwa anatetemeka kuliko mimi. Nikajua basi, nakufa."

Mwalimu akaanza kueleza habari za nakala kongwe. Mzee mmoja akamkatiza kwa upole, akimwita bwana kwa lugha yao: "Saar, somo la chuoni lirudishe chuoni." Aliona mtoto atakata roho huku yeye anatoa mhadhara. Akamgeukia ndugu yake.

"Ittoop, mstari unasema muumini hadhuriki. Mguu huo unauona. Basi ama mstari haukuandikiwa sisi, ama binti yako si muumini. Sema hapa, mbele yake. Lipi?"

Ittoop akamtazama mwanawe. Kisha akainama, akambeba mwenyewe hadi garini.

Hospitalini Sosamma alipona, kasoro vidole viwili vya mguu. Kundi likamtenga Ittoop, na miaka minne Ittoop hakumsemesha kaka yake. Mwalimu naye hakujitapa hata siku moja. Mjane wake, Mama Rahelamma, anasema mumewe alikuwa akigutuka usingizini: "Ananiambia, 'Nilijua miaka kumi na tatu. Ningesema mapema, mtoto asingelazwa kwenye mkeka ule.'"

Jumatano, kaburini, Ittoop ndiye aliyesimama kusoma neno. Alifungua kitabu. Kisha akasema, "Kabla sijasoma, niwaambieni kwanza haya aliandikiwa nani." Machozi yakamzuia. Sosamma akakipokea kitabu, akamalizia yeye.

Poleni sana Mama Rahelamma, Ittoop, Sosamma na ukoo mzima, tunalia nanyi. Na sisi tulio majumbani, wapendwa, tujiulize ni jambo gani tunalijua na tunalinyamazia mezani, na ni mtoto wa nani atakayelazwa mkekani kwa ukimya wetu. Mimi mwenyewe ninalo moja, na ninaogopa.