Bi Shika Anatoka Kaunta ya Sufuria

Baada ya miaka thelathini na mitatu nyuma ya kaunta ya vyombo, Bi Shika anastaafu kesho Ijumaa, tarehe thelathini. Naandika "anastaafu" kwa mkono unaosita, maana wasifu huu ni wa tatu. Mwaka juzi niliandika, tukanywa soda, tukapiga makofi, na Jumatatu nikamkuta anafuta vumbi kwenye vifuniko. Mwaka jana vilevile, ila soda zilikuwa baridi zaidi. Nimechaguliwa tena mimi, mbeba mizigo, kwa kuwa ndimi mzee kuliko wote. Shule niliiacha kabla haijaniacha, kwa hiyo mkikuta kosa, nipakieni tu mgongoni. Nimezoea.

Alianza kama mfagizi. Akapewa kaunta siku muuzaji wa zamani alipougua, na hakuirudisha. Jina lake la kuzaliwa limo kwenye faili. Sisi tunalijua la Shika, kwa sababu hajawahi kumbembeleza mteja. Mtu akija kuuliza bei tu, humwambia, "Hebu nishikie hii, baba," kisha anageuka kupanga sahani. Akimrudia, mteja anatafuta pochi. Mimi nilifiwa na mke, napika chai na mayai basi, na nyumbani nina sufuria saba. Sijui zilifikaje.

Halafu lilikuwepo Dubwana, sufuria kubwa la bei ya kutisha ambalo hakuna aliyewahi kulinunua. Meneja aliyepita akaniamuru nilipeleke stoo, eti linakula nafasi. Mara sufuria za kati, zilizokuwa zikitoka kwa kasi, zikagoma. Wateja wakaziona ghali, wakachukua ndogo. Bi Shika akasema, "Warudishieni mkubwa wao." Nikalibeba huku natukana kimoyomoyo, na wiki hiyohiyo za kati zikaanza kutoka. Bei ileile, bati lilelile. Kitu kisichouzika kinauzaje vingine? Nimelala nalo hilo, nimeamka nalo.

Mhasibu wetu, binti msomi na mpole, alinieleza. Eti mtu hajui kitu ni ghali au rahisi mpaka akilinganishe na cha jirani yake. Na eti akishakishika, moyo unakihesabu chake, hata kukirudisha kunauma kama kunyang'anywa. Nikamuuliza, "Sasa mwanangu, mimi nabeba magodoro ya duka hili tangu hujazaliwa. Mbona hakuna hata moja lililoniita baba?" Akacheka, akasema ni kwa sababu nalipwa niyashushe. Nikaelewa mpaka mlangoni, nilipotoka nje ikapotea. Tukamwendea Bi Shika mwenyewe. "Mnanichanganya," akasema. "Mimi mikono huwa imejaa tu."

Lakini lipo lisilo la kucheka. Dada yake mkubwa anaishi peke yake, na tangu aanguke bafuni mwaka huu anatembea kwa kushika kuta. Walikubaliana zamani wazeekee nyumba moja. Ila kila Bi Shika akitaka kuondoka, meneja humletea funguo za stoo: "Nishikie wiki mbili tu, mama, nitafute mtu." Wiki mbili zimezaa miaka miwili. Jumatatu dada mtu alipiga simu dukani, nikapokea mimi. "Eti kaka, safari hii nimtandikie kitanda, au niache?" Nikasema laini mbovu, nikakata.

Leo asubuhi meneja amekuja na funguo zake na tabasamu lake. Duka zima tukaacha kazi huku tukijifanya tunaifanya. Bi Shika akaficha mikono kwapani kama mwenye baridi.

"Nishikie kidogo tu, mama."

"Sishiki, mwanangu."

"Wiki moja!"

"Hata dakika moja. Nikizigusa, dada yangu atalala peke yake mwaka mwingine."

Meneja akabaki mkono umenyooka, hajui amkabidhi nani. Mpaka saa ya chakula bado alikuwa nazo, anauza vikombe mwenyewe na kukosea chenji.

Mhasibu anasema Bi Shika anaijua nadharia nzima. Mimi sijui. Nilichoona ni kwamba alipoitoa ile mikono kwapani, aliijaza sahani papo hapo, mbili huku na mbili huku.

Bi Shika, umetuuzia tusivyovihitaji, na bado tunakupenda. Asante kwa miaka yote hiyo. Nenda ukapumzike kwa raha, na afya iwakae wewe na dada yako. Simu nimeshapiga. Nimemwambia atandike.