Miaka Ishirini na Moja Juu ya Marobota

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mzee Joachim Komba anamaliza miaka ishirini na moja ya kufunga mizigo katika ofisi yetu ya kusafirisha mizigo mtaa wa Zhanxi, hapa Guangzhou, China. Ametimiza miaka sitini, na kibali chake cha kazi kinaishia hapo.

Alianza mwaka 2004, enzi ambazo nguo za kutoka soko la Shahe zilishindiliwa kwa miguu. Wanaume wanne walipanda juu ya robota, peku, wakalikanyaga mpaka likakaza. Joachim alikuja na ujuzi kamili: baba yake alikanyaga marobota ya tumbaku Songea, na babu yake, anavyodai mwenyewe, alikanyaga udongo wa matofali ya misheni. Sheria yake ilikuwa moja, kuanza na kona. Sifa yake nayo ilikuwa moja. Robota likimridhisha husema, "Limekaa." Mimi wa mapokezi nimefanya naye kazi miaka tisa bila kuambiwa hivyo hata siku moja.

Mwaka 2013 ikaja mashine ya kushindilia. Wenzake watatu wakatafuta kazi nyingine, yeye akabaki kubonyeza vitufe viwili. Tangu hapo akawa anasema kazi yake ilishakwisha, ofisi inamlea tu. Tulimtania, lakini lilikuwa linamuuma, na tulijua.

Julai mwaka jana, asubuhi ya kupakia kontena, mashine ikafa. Mteja wetu Mama Brigitte wa Lubumbashi alikuwa bado na sare mia tisa za shule ya masista ambazo hazijafungwa, na meli hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kuwahi kabla shule hazijafunguliwa Septemba. Fundi aliitazama mashine, akatikisa kichwa. "Mei banfa," akasema, yaani hakuna namna.

"Papa Joachim, bateau haitatungojea," Mama Brigitte akalalamika. "Tutafanya namna gani?"

Joachim akavua viatu. Dakika kumi baadaye mhasibu, dereva, laoban, yaani bosi mwenyewe, na mimi tulikuwa juu ya marobota, huku Mama Brigitte akiimba wimbo wa kwaya ili miguu iende pamoja. Bosi wetu siku hiyo aliamrishwa kama sisi wengine. "Kona, Felisia! Kona!" Joachim akanipigia kelele. Robota langu lilifumuliwa mara mbili. Saa kumi jioni kontena likafungwa, na sare ziliwahi. Mashine ilitengenezwa wiki iliyofuata, ila maneno ya kulelewa hatujayasikia tena.

Jana tulikwenda kumsaidia kufungasha. Begi lake la kwenda nalo uwanja wa ndege wa Baiyun likagoma kufunga. Nikavua viatu, nikapanda, nikaanza na kona. Lilipofunga alilizunguka, akalibonyeza kwa kidole gumba cha mguu.

"Limekaa," akasema.

Nililia, sifichi.

Mzee Joachim, asante kwa yote. Nenda salama Songea, upumzike na uishi vizuri. Mashine ikifa tena, tunajua pa kuanzia.