Mashine ya Mzee Mhina Iliyonyamaza

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, jikoni, shambani au safarini, sogeeni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Mzee Mhina Semboja wa Kwamndolwa, hapa Korogwe. Wengi mlimwita mzee wa mashine. Alikuwa msagaji wa nafaka, na alikuwa mtu asiyetulia.

Mjane wake, Bi Tatu, ndiye aliyetusimulia. Anasema katika ndoa yao yote hakuwahi kumwona mumewe akimaliza kikombe cha chai akiwa amekaa.

Mhina alizaliwa Handeni, kwa Wazigua wakulima. Ujana wake aliumalizia kwenye mashamba ya mkonge upande wa Mazinde, akihudumia injini ya korona, ile mashine inayokamua majani ya mkonge. Huko alijifunza kuisikiliza injini kama mama anavyosikiliza pumzi za mtoto mgonjwa. Alipoacha kazi alinunua injini ya dizeli, akafungua mashine ya kusaga Kwamndolwa.

Juu ya bomba la moshi akafunga kopo. Mnaoishi huku mnalijua kopo hilo. Injini ikiwaka, kopo linalia, tuku tuku tuku, mpaka ng'ambo ya mashamba. Mama akilisikia anajitwika ndoo yake ya mahindi. Asipolisikia anajua leo hakusagwi. Hakuna aliyehitaji kutangaziwa.

Bi Tatu anakumbuka mambo madogo. Aliyekuja na mtoto mgongoni hakupanga foleni. Bibi kizee akileta mahindi kidogo, Mhina alikung'uta mfuko wa mashine hadi mwisho, ili asibakize hata unga wa kiganja.

Lakini kulikuwa na moshi, wasikilizaji wapendwa. Chumba kilikuwa kidogo, bomba likivuja. Kifua cha Mhina kikaanza kukoroma. Daktari alimwambia wazi kwamba moshi ule utamuua. Nguzo za umeme zilikuwa zimefika, ila umeme wake ulikuwa wa taa. Haukutosha kuzungusha mashine. Akifunga, akina mama watabeba mahindi mpaka mashine ya Kilole, mbali. Asipofunga, atakufa. Ndilo swali lililokuwa nyumbani kwa Bi Tatu: mashine itazungushwa na nini?

Binti yao, Hafsa, anafundisha fizikia sekondari kule Handeni. Kila alipokuja nyumbani, baba na binti walibishana, na Bi Tatu akiwa katikati anachambua mboga. Mhina alitaka jua. Jua ni la Mungu, alisema, na halina bomba. Hafsa hakulikataa jua, ila aliuliza nchi itafanya nini mawingu yakitanda, au Mto Pangani ukipungua na mabwawa yakakosa maji. Yeye alitaka nyuklia. Alieleza kwamba kusini mwa nchi kuna madini ya urani, kwamba kinu kimoja kinatoa umeme usiku na mchana, hakitoi moshi, wala hakingoji mvua.

"Na majivu yake mtayaweka wapi?" Mhina akauliza.

Hafsa akajibu kwamba ni machache. Yanafungwa, yanafukiwa chini sana, yanalindwa.

"Na nani? Mimi bomba tu limenishinda kuziba. Mnamwachia mjukuu wa mjukuu wangu mzigo wa kulinda kitu asichokitumia?"

"Moshi wako nao ulilindwa na nani, baba? Uko kifuani mwako. Na betri zako za sola zikifa, utazitupa wapi?"

Bi Tatu anasema hapo Mhina aliinuka. Akatoka nje, akazunguka nyumba, akarudi. Akasema hilo la betri hakuwa amelifikiria. Hafsa naye akakubali kwamba kinu cha nyuklia huchukua miaka mingi kujengwa, na kifua cha baba yake hakina miaka hiyo. Hakuna aliyemshinda mwenzake. Bi Tatu akawapakulia.

Mhina akauza ng'ombe, akanunua paneli za sola, betri na mota. Injini ya dizeli akaitoa, akaifunika turubai palepale nje ya mlango wa chumba. Mashine ikazunguka kwa mlio mdogo tu, kama nyuki ndani ya mzinga.

Na watu hawakuja.

Hawakuja kwa sababu hawakusikia kitu. Walipita na ndoo zao vichwani, mlango uko wazi, wakaenda Kilole. Walijua mashine isiyolia haisagi. Mhina alisimama mlangoni, akaingia, akatoka tena.

Asubuhi moja Bi Tatu akasikia tuku tuku tuku. Akakimbia. Akamkuta mumewe amefunua injini, ameiwasha, mkanda wa kuzungushia mashine hakuufunga. Injini inalia bure, moshi unapaa, na ndani mashine ya jua iko tupu.

"Baba Hafsa, unasaga nini?"

"Sisagi. Naita watu."

Bi Tatu alicheka hadi akakaa juu ya gunia. Kisha akaizima mwenyewe, maana mwenzake alikuwa ameshaanza kukohoa.

Aliyewaokoa ni jirani yao, Mama Paulina, Msambaa aliyehamia kutoka milimani. Alisaga mahindi yake, kisha akarudi kwake kwa njia ndefu, makusudi, ndoo ya unga wazi kichwani. Kila aliyemuuliza alimjibu kwamba kwa Mhina kunasagwa, ila mashine imefundishwa adabu. Akafanya hivyo tena na tena. Hakuombwa. Watu wakarudi.

Masika ikaja. Siku za mawingu mashine ilichoka mapema. Akina mama walipanga ndoo zao, kila mmoja akaifunga yake kwa kitambaa, wakaenda kungoja jua. Mhina hakuweza kungoja. Alisimama uani akitazama milima ya Usambara ilivyofunikwa.

"Wingu lile ndiyo hoja yako," alimwambia Hafsa.

"Na kifua chako ndiyo hoja yako, baba."

Mzee Mhina alifariki baada ya swala ya alfajiri, mvua ikinyesha. Watu walikuja wengi kuliko unga uliokuwepo. Betri zilikuwa zimeisha, mbingu imefunga. Mama Paulina, aliyekuwa amesimamia masufuria, alisema watu waliotoka Handeni hawajala. Hafsa alizunguka turubai lile mara kadhaa, kama baba yake. Mwisho akalivuta. Akafunga mkanda, akaiwasha injini.

Tuku tuku tuku.

Ng'ambo ya mashamba watu wakasikia. Habari za msiba zilikuwa hazijawafika. Wakaambiana kwamba mzee wa mashine amepona. Wakajitwika ndoo, wakaja kwenye mvua. Mzee Awadhi, mteja wa siku nyingi, alitangulia, akipaza sauti tangu njiani: "Mhina! Umetuchosha na kimya chako!" Akafika uani, akaona wanaume wamekaa kwenye mikeka, kofia vichwani. Akaishusha ndoo yake taratibu.

Hafsa akaizima injini, akaanza kulia.

"Iwashe, mwanangu," Mama Paulina akamwambia. "Baba yako hakumrudisha mtu na mahindi yake."

Akaiwasha. Wale waliokuja wakamimina mahindi yao yote pamoja, yakasagwa kwa ajili ya msiba.

Bi Tatu alikuwa ndani. Ni yeye aliyemfumba macho mumewe. Alituambia hivi: "Niliposikia lile kopo, na mimi niliinuka. Nilitaka kwenda kumgombeza."

Bi Tatu, Mwalimu Hafsa, na jamaa wote wa Handeni na Korogwe, poleni sana. Mwenyezi Mungu ampumzishe mzee wetu, naye apate utulivu ambao hapa hakuupata.

Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tutafakari. Ukiwasha moto wako leo, jiulize moshi wake unaingia kifua cha nani. Ukichagua jua, upepo, maji au nyuklia, jiulize siku ya wingu utakula nini, na mabaki yake atayalinda nani. Usiharakishe kujibu, lakini usikae muda mrefu pia.

Kwamndolwa mashine inasaga tena kwa jua, kimya kimya. Injini ya dizeli bado iko nje. Hafsa alitaka kuiuza, mama yake akakataa. Kopo, hata hivyo, Bi Tatu amelifungua kwenye bomba kwa mkono wake. Amelipeleka ndani.